Ua jekundu la mvua za kwanza (Scadoxus multiflorus): nihamishe tunguu lake lini, na kwa nini la kwenye chungu halichanui?

Mpanda Maua, Iringa

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote mnaopenda mimea.

Naomba ushauri kuhusu mmea wa asili unaoota katika kiwanja chetu nje kidogo ya mji wa Iringa, mahali penye majabali na mabaki ya msitu wa miombo. Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ardhi ikiwa bado haijashika majani, huchomoza bua nene lenye madoa mekundu kwenye kitako, na juu yake ua la duara lenye upana unaoweza kufika sentimita 20. Ukilisogelea unaona kwamba si ua moja, bali ni mkusanyiko wa vijiua vingi vidogo vilivyotoka kwenye ncha ya bua, kila kimoja kikiwa na nyuzi ndefu nyekundu. Majani hufuata baadaye, na hukaa mpaka mvua zinapokatika. Mtaalamu mmoja wa mimea aliniambia jina lake ni Scadoxus multiflorus.

Mwezi wa Agosti mafundi wataanza kuchimba msingi wa nyumba, na kundi kubwa kuliko yote liko palepale msingi unapopita. Sitaki kabisa mimea hii ipotee, kwa sababu ilikuwa hapa kabla yetu. Sasa ni Mei, na majani yameanza kugeuka manjano. Je, niihamishe sasa wakati bado ninaiona, au nisubiri majani yakauke? Na nikisubiri, nitajuaje matunguu yaliko?

Jambo la pili ni kwamba shangazi yangu amenipa chungu chenye mmea huohuo, ambacho kimekaa barazani kwake kwa miaka mingi kikimwagiliwa maji kila wiki, kiangazi na masika, na kuwekewa urea mara kwa mara. Majani yake ni makubwa na ya kijani kilichokolea, lakini hatukumbuki kuona ua hata moja. Kuna tumaini?

Mwisho, tuna mbuzi na watoto wadogo, na nimesikia watu wakisema kwamba mmea huu una sumu. Naomba kufahamishwa ukweli wake.

Mzee wa Kitalu, Lushoto

Marahaba, binti yangu. Umeuliza wakati mwafaka kabisa, na nakusihi usihamishe sasa.

Majani yanayogeuka manjano hayajafa. Bado yanafanya kazi. Chakula kilichomo ndani yake kinarudi chini kwenye tunguu, na chakula hicho ndicho kinachojenga ua la mwaka ujao. Ua utakaloliona Desemba haliundwi Desemba: chipukizi lake hutengenezwa ndani ya tunguu mapema, kabla mmea haujaingia katika mapumziko, na mvua ya kwanza hulisukuma tu litoke nje. Ndiyo maana linaweza kuchomoza kwa haraka namna ile kutoka katika ardhi iliyo tupu. Ukikata majani yakiwa mabichi, au ukang'oa mmea kabla haujamaliza kuyanyonya, umelipunguzia tunguu akiba, na adhabu yake utaiona msimu unaofuata, au hata ule wa baada yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii, wakati majani bado yanaonekana, chomeka vijiti imara kuzunguka kila kundi na uvifunge kamba ya katani. Usitegemee kumbukumbu, wala usitegemee jiwe, kwa sababu mafundi watakapofika na malori ya mchanga, alama zote ndogo zitapotea. Subiri majani yanyauke kabisa na yaachie yenyewe ukiyavuta kidogo kwa vidole. Kwa kwenu Iringa, ambako mvua ni za msimu mmoja, nadhani itakuwa katikati ya Juni au karibu na hapo. Hapo ndipo uchimbe, ukiwa bado na muda wa kutosha kabla ya Agosti.

Unapochimba, anza mbali na mahali bua lilipokuwa, walau urefu wa mkono toka kiwikoni hadi vidoleni, na uingie chini taratibu kwa jembe uma badala ya jembe la kawaida au sululu. Matunguu ya porini huwa yamezama zaidi kuliko mtu anavyotarajia, hasa kwenye udongo laini, na yakiwa kati ya mawe huwa yamejibana vibaya. Mizizi yake ni minene na yenye nyama, nayo haifi kila mwaka kama mizizi ya vitunguu vya jikoni, bali huendelea kuishi wakati majani hayapo. Uing'oe pamoja na bonge la udongo ikiwezekana. Tunguu lililochubuka lipake majivu makavu na uliache kivulini siku mbili tatu mpaka jeraha likauke, kwa maana tunguu lenye jeraha bichi likikutana na unyevu huoza.

Mahali pa kulipanda, tazama mahali lilipokuwa likiishi lenyewe. Porini utalikuta chini ya miti, kandokando ya mito, kati ya mawe, na mara nyingi juu ya vichuguu au pembeni mwake. Maeneo hayo yote yana kivuli chepesi, na maji hayatuami. Chini ya mti unaopenyeza mwanga, upande unaopata jua la asubuhi, ndipo pazuri. Udongo uwe tifutifu, uliochanganywa na majani yaliyooza na mchanga wa mtoni, na kama ni mfinyanzi, inua tuta. Panda shingo ya tunguu ikiwa sawa na uso wa ardhi au chini yake kidogo tu, na kati ya tunguu na tunguu acha sentimita 20 hivi. Kisha usimwagilie. Ardhi kavu ya Juni na Julai haitalidhuru, kwani limezoea.

Lisipochanua mwaka huu, usikate tamaa. Mmea huu hauna furaha unapoguswa mizizi, na mara nyingi hutoa majani tu katika msimu wa kwanza baada ya kuhamishwa.

Bibi Shamba Mstaafu, Morogoro

Nakubaliana na mzee hapo juu karibu katika kila jambo, na nitaongeza kuhusu kile chungu cha shangazi, kisha kuhusu sumu, ambayo ndiyo inayonigusa zaidi.

Chungu hicho kinakosa usingizi. Mmea huu umeumbwa kwa nchi zenye kiangazi, na eneo lake la asili ni pana sana: linaanzia Senegali hadi Somalia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na hata kuvuka bahari hadi Yemeni na Omani. Katika nchi hizo zote upo wakati ambapo mvua hukatika na mmea hurudi chini. Mtu anayeumwagilia kila wiki mwaka mzima anafanya hivyo kwa upendo, lakini anaunyima ishara ya kulala na ile ya kuamka, na mmea usiopata kiangazi mara nyingi hubaki na majani tu. Urea inaongezea tatizo, kwa kuwa naitrojeni nyingi hukuza majani kuliko maua. Kwa hiyo acha urea kabisa. Kuanzia sasa punguza maji, na majani yakishaanza kuwa ya manjano acha kumwagilia moja kwa moja. Weka chungu mahali pakavu, penye joto la kawaida na pasipopata mvua, kwa miezi mitatu au zaidi. Mvua za kwanza zikikaribia, au ukiona ncha inachomoza, kitoe nje na umwagilie vizuri mara moja, kisha kwa kiasi. Mbolea iwe samadi iliyooza sawasawa, au mbolea ya dukani yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, nayo itolewe wakati majani yanakua, si wakati wa mapumziko.

Usihamishie tunguu hilo kwenye chungu kikubwa zaidi kwa kudhani kwamba linabanwa. Likibanwa kiasi huchanua vizuri zaidi, na chungu kikubwa huhifadhi maji ambayo mizizi haiwezi kuyatumia.

Sasa sumu. Ni kweli, na si uvumi. Mmea huu ni wa jamii ya amarilisi, ambayo karibu yote ina alkaloidi, yaani kemikali ambazo nyingi zake ni sumu, mojawapo ikiwa laikorini. Sehemu zote zina sumu, lakini tunguu ndilo lenye hatari kubwa. Katika sehemu mbalimbali za Afrika watu wamelitumia kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki, na hilo pekee linatosha kumfanya mtu awe na hadhari. Anayelila hupata mate mengi, kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na kwa mtoto mdogo au mbuzi jambo hilo linaweza kuwa kubwa sana. Wapo wanaolitumia kama dawa ya kienyeji, na mimi nasema wazi kwamba sishauri mtu yeyote alinywe wala kulichemsha.

Katika kazi yako ya Juni vaa glavu, osha mikono na jembe baada ya kazi, na usiache matunguu yaliyochimbwa yakiwa yamelala uani hata kwa saa moja, kwa sababu mtu asiyejua anaweza kuyadhania ni vitunguu. Mbuzi kwa kawaida hupita majani mengi mabaya wakiwa na malisho ya kutosha, lakini Novemba malisho yanapokuwa yameisha na jani la kwanza la kijani ni hili, hapo ndipo ajali hutokea. Zungushia uzio. Matunda yake mekundu nayo yanavutia watoto kwa macho, kwa hiyo waelezeni mapema. Ikitokea mtoto amemeza, msimlazimishe kutapika wala msimpe dawa za nyumbani. Mpelekeni hospitali mara moja na mchukue kipande cha mmea mkawaonyeshe wahudumu.

Mtunza Bustani, Kakamega

Dada wa Iringa, hongera kwa kuujali mmea huu. Huku kwetu magharibi mwa Kenya nao upo, katika vichaka na kandokando ya msitu, lakini mvua zetu ni nyingi na kiangazi ni kifupi, na kwa sababu hiyo naomba kutofautiana kidogo na ushauri uliotolewa. Kwa anayeishi mahali penye unyevu karibu mwaka mzima, haitoshi kuacha kumwagilia, kwa maana mvua yenyewe itamwagilia. Mimi hung'oa matunguu yaliyo vyunguni majani yakishakauka, nikayafukia katika mchanga mkavu ndani ya kasha lenye matundu ya hewa, na kuyaweka stoo hadi msimu ufike. Hayajaoza.

Ningependa pia kutaja adui ambaye hajatajwa, naye ni kiwavi wa nondo aitwaye Brithys crini, anayeshambulia jamii yote ya amarilisi. Ni mweusi mwenye mabaka meupe na ya manjano. Wakiwa wadogo huingia ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, nawe unaona tu mabaka ya rangi ya maji. Wakikua hushuka hadi shingoni na kuingia katika tunguu, na hapo majani yote huanguka ghafla yakiwa yameoza kwenye kitako. Kagua majani jioni, hasa upande wa chini, na uwaokote wote kwa mkono. Wapo wanaonyunyizia maji ya mwarobaini, lakini kwangu mimi hakuna kinachoshinda macho na vidole wakati viwavi bado ni wachache. Konokono nao hupenda majani machanga, na vidung'ata hujificha chini ya maganda makavu ya tunguu, kwa hiyo yatoe maganda yaliyolegea kabla ya kupanda.

Mzee wa Kitalu, Lushoto

Ndugu wa Kakamega, nakushukuru kwa habari ya kiwavi, nami nimemwona huku Usambara. Kuhusu kung'oa, naelewa sababu yako, lakini bado nashikilia neno langu kwa anayeweza kuepuka. Kila unapoling'oa tunguu hili unakata mizizi ambayo ingeishi miaka, na mmea unatumia msimu mzima kuirudisha kabla ya kufikiria ua. Sisi hapa tuna ukungu na manyunyu hata wakati ambapo wengine wana kiangazi, na njia yangu ni kukiingiza chungu kizima chini ya paa na kukilaza ubavu, ili hata tone la bahati mbaya lisituame ndani. Tunguu linalala palepale lilipo. Kwa bustani ya ardhini yenye unyevu mwingi, tuta la juu lenye mchanga na changarawe linatosha.

Jambo lingine linalochanganya wasomaji wengi: katika vitabu vya zamani, na hata kwa wauzaji wengi wa matunguu leo, mmea huu huitwa Haemanthus multiflorus, kwa maana ndilo jina alilolitumia Thomas Martyn mwaka 1795. Wataalamu Friis na Nordal walithibitisha mwaka 1976 kwamba ni wa jenasi ya Scadoxus, yaani kundi lililo tofauti na Haemanthus. Ukitafuta maelekezo ya Haemanthus utakutana na mimea ya kusini mwa Afrika, ambayo mingi yake hukua wakati wa mvua za kipupwe za kule Rasi, Afrika Kusini, na kulala wakati wa joto, yaani kinyume kabisa na huu wetu. Mtu akiyafuata maelekezo hayo kwa uaminifu atalimwagilia tunguu likiwa limelala na kulinyima maji likiwa macho.

Mpanda Maua, Iringa

Nawashukuru sana wote. Vijiti na kamba nimeshaviweka, na nimemwomba shangazi aache kumwagilia tangu leo. Amesita kidogo kwa kuona ni ukatili, lakini nimemsomea maneno yenu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mimea miwili kati ya hii ilizaa matunda mekundu mwaka huu, na nimeyahifadhi kwenye karatasi yakiwa yanakauka. Je, naweza kuyapanda Desemba? Pia, jirani ameniambia kwamba kuna matunguu mengi ya aina hii katika msitu wa hifadhi ulio karibu nasi, na kwamba angeweza kuniletea gunia ili nipande njia nzima ya kuingilia nyumbani. Mnasemaje?

Bibi Shamba Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, usisubiri Desemba. Mbegu za mmea huu hazifanani na za mahindi au maharage, ambazo hukaushwa na kuhifadhiwa. Ni mbegu zenye unyevu ndani yake, na zikikauka hufa. Chukua matunda yako leo, vaa glavu, minya utoe mbegu na uoshe nyamanyama yote inayoizunguka, kwa sababu nyama ya tunda huzuia kuota na huleta ukungu. Zile ambazo bado ni nzito na ngumu mkononi zina uhai. Zilizosinyaa na kuwa nyepesi zitupe. Andaa trei yenye mchanga na mboji kwa kiasi sawa, bonyeza mbegu juu ya udongo zizame nusu tu, bila kuzifukia, na uweke kivulini penye unyevu mdogo wa kudumu.

Utakachokiona kitakushangaza, na watu wengi hutupa trei zao kwa kutokijua. Mbegu hutoa kwanza kitu kama mzizi mnene unaoelekea chini, na mwisho wake huvimba na kuwa kitunguu kidogo. Jani la kwanza laweza kuchelewa sana, hata kungoja msimu unaofuata. Trei inayoonekana tupu si lazima iwe imekufa. Miche hiyo midogo usiikaushe kabisa katika kiangazi chake cha kwanza, kwani haina akiba ya kutosha. Ipe maji kidogo sana mara mojamoja. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka 3 hadi 5. Njia fupi zaidi ni vitunguu vidogo vinavyozaliwa pembeni mwa tunguu mama. Hivyo unaweza kuvitenganisha Juni hiihii utakapokuwa unachimba, mradi kila kimoja kiwe na mizizi yake mwenyewe.

Kuhusu gunia la jirani, nakuomba ulikatae. Katika msitu wa hifadhi huwezi kuchukua mmea bila kibali, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo kwa ajili hiyo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, fikiria gunia moja ni miaka mingapi ya msitu. Tunguu linalochanua limechukua miaka kufika hapo, na anayechimba gunia huchukua makubwa, yaani yaleyale yanayozaa mbegu. Nyanda za Juu Kusini tayari wanalijua jambo hili kwa uchungu: viazi vya okidi za uwanda wa Kitulo na maeneo jirani vilichimbwa kwa wingi vikapelekwa Zambia kutengenezea chakula cha huko kiitwacho chikanda, na hofu ya kuzimaliza okidi hizo ni mojawapo ya mambo yaliyofanya uwanda ule ulindwe kama hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi zile zina viazi na huu wetu una tunguu, lakini jembe halibagui.

Wewe una haki ya kuokoa yaliyo katika kiwanja chako, ambayo yangekufa chini ya zege, na ukiyatunza yatakupa watoto wa kujaza njia yako.

Mtunza Bustani, Kakamega

Naunga mkono kuhusu gunia, tena matunguu yaliyochimbwa ovyo huja na viwavi na uozo ndani yake, na yataambukiza yale mazuri uliyo nayo.

Kuhusu njia ya kuingilia, dada, kama inapigwa na jua kutwa nzima, usiyapange huko hata ukiwa nayo mengi. Ua litatoka, lakini litachakaa mapema, na majani yataungua ncha. Yapande kwa makundi chini ya miti iliyosalia, matatu au matano pamoja, kisha kati yake uweke mimea mifupi yenye mizizi ya juujuu, ili katika miezi ambayo matunguu yamelala mtu asije akadhani pale ni patupu akapiga jembe. Tandaza majani makavu kiasi cha vidole viwili, na uyaondoe kidogo shingoni mwa kila tunguu mwezi wa Novemba, kabla bua halijaanza kusukuma. Vijiti vyako vya alama uvihamishie huko pia, na uviache mwaka mzima.